Zana Iliyoitwa Funga

Kila siku akitoka shule, Najiat alipitia uani kwanza kabla hata ya kuvua sare. Nyumba yao ilikuwa Ng'ambo, mjini Tabora, na ua wake ulijaa mali za baba yake: madishi yaliyopinda, paneli za sola zilizopasuka kioo, nyaya za kila rangi, na ngazi ambayo mama yake alikatazwa kuianikia nguo lakini aliianikia tu. Baba yake, fundi Awadhi, alikuwa akifunga madishi na sola katika nyumba za watu. Upande wa pili wa ua kulikuwa na chumba chenye dirisha moja, na humo ndimo alimofanyia kazi shangazi yake, Batuli, mdogo wake Awadhi, aliyerudi nyumbani baada ya kumaliza chuo cha kompyuta.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo umekuja na maswali mangapi?"

Hayo hayakuwa matani matupu. Nyumbani walimbandika Najiat jina la Kwa Nini, na jina likamganda. Mama yake alichoka kwenye swali la pili. Baba yake alivumilia kidogo zaidi, kama hakuwa na mteja kwenye simu. Shangazi Batuli peke yake ndiye aliyejibu mpaka swali likaisha, na kama hakuwa na jibu alisema hana, wakalitafuta pamoja. Kwa hiyo Najiat alimpenda kuliko alivyoweza kueleza.

Siku hizo Batuli alikuwa akitengeneza programu ya simu kwa ajili ya kikundi cha wafuga nyuki wa Goweko. Mfuga nyuki angeandika mzinga wake umetundikwa wapi, umerinwa lini na umetoa asali kiasi gani, hata akiwa porini kusiko na mtandao. Kazi ilikuwa nzuri, ila wafuga nyuki wale walikuwa na simu za kila aina, nyingi za zamani, na Batuli hakuwa nazo ili azijaribu. Akaamua kuziigiza. Ndani ya kompyuta yake zikakaa simu zisizo na betri wala kava. Zilikuwa picha ya simu tu, lakini ukizigusa kwa kipanya zinafunguka, zinaandika na kukwama vilevile kama simu za kweli.

Najiat aliziangalia zilivyojipanga kwenye kioo, kubwa na ndogo, akauliza nani atakayezijaribu zote hizo.

"Wakala," alijibu Batuli.

"Wakala yule wa pale kona, wa kutoa pesa?"

Batuli alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akaeleza kwamba huyu ni wakala wa akili mnemba, yaani programu inayoelewa maneno. Batuli humwambia anachotaka, naye hukifanya kwa kutumia zana alizopewa. Kila zana ina kazi yake moja. Ipo ya kuwasha simu ya kuigiza, ipo ya kugusa kitufe, ipo ya kufungua programu, na kadhalika. Wakala haoni kilicho ndani ya zana. Husoma jina lake na maelezo yake, basi, kisha huchagua.

Najiat alifikiri kidogo. "Kama mtu anayepika jikoni kwa watu, anasoma karatasi zilizobandikwa kwenye makopo?"

"Hapohapo. Ukibandika neno sukari kwenye kopo la chumvi, hiyo chai utainywa mwenyewe."

Batuli alitaka maelezo ya zana zake yote yawe ya Kiswahili, ili siku moja mtu mwingine wa Tabora aweze kuyasoma na kuyarekebisha bila kumtafuta yeye. Na kwa kuwa Najiat alisifiwa darasa la sita kwa insha zake, alimpa kazi ya kuyaandika. Alimweleza zana moja baada ya nyingine. Hii ya funga, alisema, ndiyo inayofunga programu kwenye simu mpya. Hii ya zima ni ya kutoka kwenye programu. Kwa kila zana alitaka Najiat aandike inafanya nini, itumike lini na isitumike lini.

"Mwandikie kama mgeni," alimwambia. "Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Wewe umelala humu, yeye hajalala."

Najiat alielewa kila kitu. Tatizo ni kwamba wenzake walikuwa wameshaanza kucheza rede nje, na sauti zao zilipita dirishani. Akaandika haraka haraka. Washa: huwasha simu. Fungua: hufungua programu. Funga: hufunga programu kwenye simu. Zima: huzima. Alipomaliza alimwita shangazi yake aje aangalie. Batuli, aliyekuwa akihangaika na jambo jingine, aliyapitia kwa jicho moja, akasema sawa. Najiat akatoka mbio.

Shida ilianza baada ya hapo. Batuli alimpa wakala jaribio lililoonekana rahisi: kwenye kila simu ya kuigiza aandike mavuno ya asali, atoke kwenye programu, aifungue tena, aangalie kama mavuno bado yapo. Majibu yalikuja ya namna moja tu. Nimeandika mavuno. Nimefunga programu. Nimeifungua tena. Mavuno hayapo.

Batuli alijaribu kwenye simu yake ya mkononi, na pale mavuno yalibaki. Akasema basi ugonjwa uko kwenye simu za zamani, nazo ndizo walizonazo watu wa Goweko. Aliivunja sehemu ya programu inayohifadhi mavuno, akaiandika upya. Wakala akajibu vilevile. Akaiandika upya tena kwa njia nyingine. Mavuno hayapo. Chai ilipoa mbele yake, na Najiat akiuliza swali alijibiwa nusu. Hilo lilimtisha msichana kuliko yote, kwa sababu shangazi yake hakuwa mtu wa kujibu nusu.

Siku moja akiwa mlangoni alimsikia akizungumza na rafiki yake Jenifa aliyeko Dar es Salaam. Jenifa alikuwa ameona nafasi ya kazi katika ofisi yao, na alitaka kujua kama Batuli anaitaka. Batuli alisema kwamba Ijumaa anasubiriwa Goweko. Programu ikifanya kazi, kikundi kitaipokea naye atabaki Tabora. Isipofanya kazi, atafunga safari, kwa maana hawezi kuendelea kula kwa kaka yake huku akiwaahidi watu kitu kisichokuwepo.

Najiat alirudi kinyumenyume mpaka kwenye ngazi ya baba yake, akakaa chini. Dar es Salaam ni mbali. Nani atamweleza kwa nini nyuki hupoozwa kwa moshi, au simu inajuaje kwamba umeigeuza? Alitaka kulia, lakini swali likamwingia kabla ya machozi. Kwa nini simu za zamani zisahau, na simu ya shangazi ikumbuke?

Alhamisi mchana alimkuta shangazi yake amechoka hata macho yamekuwa mekundu. Wakala alikuwa anaendelea na jaribio jingine. Najiat aliomba kuchezea moja ya simu za kuigiza, ile ya zamani kabisa. Batuli alimruhusu, mradi asiguse maandishi ya programu, kisha akaingia ndani kuswali.

Najiat alishika kipanya. Aliandika mavuno ya uongo: mzinga wa mninga, ndoo moja. Akabonyeza Hifadhi, akatoka kwenye programu kwa mkono wake mwenyewe, akaifungua tena. Mzinga wa mninga, ndoo moja. Mavuno yalikuwepo.

Alirudia. Yalikuwepo. Simu ile ya zamani haikusahau kitu. Basi nani anasahau?

Akageukia upande ambako wakala alikuwa akifanya kazi, akaacha kusoma majibu na kuanza kuangalia simu yenyewe. Aliona mavuno yakiandikwa, herufi moja moja. Wakala akaandika chini kwamba sasa anafunga programu. Ghafla kioo cha simu ya kuigiza kikawa cheupe, kikakaa hivyo kidogo, kisha ikatokea alama ya programu, mpya, yenye kinukta cha bluu pembeni. Wakala alipoifungua, programu ilisema: Karibu, andika jina lako.

Najiat alipotoka kwa mkono wake na kuifungua tena hakukaribishwa. Unakaribishwa mara ya kwanza tu, siku unapoingia. Kwa nini huyu anakaribishwa kila mara?

Palikuwa na sehemu ya kumwandikia wakala. Najiat alimuuliza ametumia zana gani kutoka kwenye programu. Jibu lilikuja mara moja: "Nimetumia zana ya funga, kwa sababu maelezo yake yanasema hufunga programu kwenye simu. Zana ya zima nimeiacha, kwa kuwa maelezo yake yanasema huzima, nikaona huenda itazima simu yote."

Najiat alilisoma jibu lile akakunja uso. Lilikuwa kweli tupu. Maelezo yalisema hivyohivyo, naye ndiye aliyeyaandika. Sasa kosa liko wapi?

Uani, baba yake alikuwa kwenye simu na mteja, akipaza sauti kama kawaida yake. "Nikimaliza kufunga kwa Lukumani nakuja kufunga kwako. Dishi lako jipya, halijaguswa, nalifunga leoleo unaangalia mpira."

Kufunga dishi. Najiat alisimama. Katika nyumba ile kufunga ni kuweka kitu kipya mahali pake mpaka kifanye kazi. Shangazi Batuli alikulia humohumo, na aliposema zana ya kufunga programu alikusudia hivyo: kuiweka programu kwenye simu isiyo nayo. Wakala hakukulia Ng'ambo kwa fundi. Alisoma funga na fungua zikiwa zimekaa pamoja, akaona ni kama mlango, unafungwa na kufunguliwa. Kila alipotaka kutoka kwenye programu aliiweka upya, na kila ilipowekwa upya ilisahau yote. Hata majibu yake yaliwapotosha. Nimefunga programu, alisema, na Batuli hakuona kitu cha kushangaza.

Furaha ilimpanda Najiat mpaka kooni, kisha ikashuka. Aliambiwa aandike itumike lini na isitumike lini. Hakuandika, kwa sababu ya rede. Siku zote zile shangazi yake alikuwa akihangaika na programu isiyoumwa, kwa ajili ya mistari yake ya kivivu.

Batuli alirudi akiwa na simu mkononi. Alisema anampigia mwenyekiti wa wafuga nyuki, Mzee Vedasto, kumwomba radhi kwamba Ijumaa haiwezekani. Alikuwa anatafuta jina kwenye kioo. Najiat alijua kwamba angeweza kusema programu imepona bila kusema aliyeitia ugonjwa. Angeweza pia kunyamaza, na jambo lingepita kama lilivyo, na shangazi angepanda treni.

"Shangazi, usipige," alisema. "Programu yako ni nzima. Ni maelezo niliyoandika mimi. Uliniambia niandike isitumike lini, sikuandika, nikaenda kucheza."

Kisha akamwonyesha, hatua kwa hatua: simu ya zamani iliyokumbuka, kioo cheupe, karibu andika jina lako, na jibu la wakala. Batuli alisoma jibu lile mara mbili, na Najiat alisubiri kugombezwa. Ingekuwa haki yake.

Batuli aliketi. Alikasirika, na alisema wazi kwamba amekasirika, kwa sababu usingizi alioupoteza hauwezi kurudi. Baadaye akaanza kucheka kidogo kidogo, akatingisha kichwa. "Jina la zana nililitia mimi," alisema. "Ndugu wa fundi nikaandika funga, nikaona dunia nzima inafunga madishi. Na uliponiita nisome, nilisoma kwa jicho moja. Tumegawana hili kosa, wewe nusu, mimi nusu. Lete kiti."

Walikaa bega kwa bega, wakaanza upya na majina. Batuli alipendekeza neno sakinisha, ambalo simu zenyewe hulitumia. Najiat akauliza nani nyumbani kwao amewahi kulitamka. Wakakubaliana: weka programu. Na zima ikawa toka kwenye programu. Kila walipomaliza sentensi Najiat aliuliza mgeni angeielewaje, na mara nyingi jibu lilikuwa kwamba angeielewa namna mbili, wakaivunja wakaandika nyingine. Rede ilichezwa nje ikaisha. Zana iliyowatesa ilipata maelezo haya:

"Zana hii huweka programu kwenye simu ambayo bado haina. Itumie mara moja, mwanzo, kabla jaribio halijaanza. Usiitumie kutoka kwenye programu. Ukiitumia kwenye simu ambayo tayari ina programu, kila kilichoandikwa ndani kitafutika. Ukitaka kutoka, tumia zana ya toka kwenye programu."

Wakala alilirudia jaribio. Mavuno yapo. Simu nyingine: mavuno yapo. Batuli alishika mkono wa Najiat na kuuminya. Kwenye simu ndogo kuliko zote wakala alisema hakuweza kuhifadhi, kwa sababu kitufe cha Hifadhi kimejificha chini ya kioo. Wakaangalia, na ilikuwa kweli. Hilo lilikuwa kosa la programu yenyewe, na Batuli alilitengeneza akiwa anaimba.

Ijumaa walipanda gari la asubuhi kwenda Goweko, Najiat akiwa ameombewa ruhusa kwa mwalimu wake. Wafuga nyuki walikuwa wamekusanyika kwenye kibanda cha kikundi, kinachonukia nta na moshi. "Mwangaluka," aliwapokea Mzee Vedasto kwa salamu ya asubuhi ya kwao, mtu mrefu mwenye kovu la kuumwa na nyuki juu ya jicho. Batuli akaitika, akawaamkia wote, na hakupoteza muda. Aliiweka programu kwenye simu ya mama mmoja aitwaye Marcelina, simu yenye ufa kutoka pembe hadi pembe. Mama Marcelina aliandika mavuno yake ya kweli kwa kidole kimoja. Akatoka kwenye programu. Akaizima simu yenyewe, ili kuwakomesha. Akaiwasha.

Watu wakasogea kukitazama kioo kile chenye ufa.

"Ipo," alisema Mama Marcelina. "Asali yangu yote ipo."

Simu ikapita mkono kwa mkono, kila mtu akitaka kuona kwa macho yake. Mama Marcelina aliuliza mbona siku zile Batuli aliwaambia kwa simu kwamba programu inasahau, na Batuli hakuficha. Aliwasimulia habari ya zana iliyoitwa funga, naye alianza na nusu yake ya kosa. Najiat aliongeza nusu yake mwenyewe, uso ukimchemka. Wafuga nyuki walicheka sana, kicheko kisicho na ubaya.

Batuli alimgeukia Najiat mbele yao. "Tukizungumza, uso wangu unakusaidia kunielewa. Usipoelewa utaniuliza, na wewe kwa kuuliza hujambo. Maneno uliyoyaandika hayana wa kuyasaidia. Yanakwenda kwa mtu peke yake, na mtu huyo atayafuata yalivyo, hata kama ni mashine. Kwa hiyo kabla hujaandika jifanye mgeni, na ukishaandika jifanye mgeni tena. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema jana. Ungenyamaza mpaka leo, tungekuwa tumewapoteza watu hawa kwa neno moja."

Mzee Vedasto aliafiki, lakini alikuwa bado na jambo moyoni. Alisema wamewahi kuletewa vitu vizuri na vijana waliosoma. Vilipoharibika, vijana wale walikuwa wameshahamia mbali na simu zao hazipokelewi. Kikundi kinataka kuipokea programu, ila kwanza kijue: ikikwama msimu wa kurina, huyu binti atakuwepo?

"Nipo," alisema Batuli.

Wazee waliitikia kwa vichwa, wameridhika. Najiat hakuridhika. Neno lile lilikuwa na milango miwili, na mmoja ulitazama Dar es Salaam.

"Shangazi," alisema mbele ya watu wote, "upo leo, au upo siku zote?"

Batuli alimtazama mtoto yule. Alijua ni nani hasa anayeuliza, na kwa nini.

"Naishi Tabora, Ng'ambo, nyumbani kwa kaka yangu Awadhi," alisema polepole, neno kwa neno. "Kazi ya Dar es Salaam nimeikataa asubuhi hii. Sihami. Kuna mahali sijaeleweka?"

"Hapana," alisema Najiat, na machozi aliyoyazuia tangu siku ile kwenye ngazi yakamtoka yote. "Hapo nimeelewa."